Nilivyoshindwa Kushindwa

Ofisini kwetu kulikuwa na sheria ambayo haijaandikwa popote. Mkurugenzi akikualika kucheza naye gofu Jumamosi, unakwenda, unafungwa, unasema "Mzee leo umetuonea," kisha unalipia mishikaki. Jamaa mmoja wa uhasibu ameifuata sheria hiyo miaka nenda rudi, na leo ni Mhasibu Mkuu. Sisemi kwamba mambo hayo mawili yanahusiana.

Zamu yangu ilipofika, Mhasibu Mkuu alinivuta pembeni karibu na mashine ya kutolea nakala akanipa semina. "Usifungwe ovyo, ataona umempotezea muda. Fungwa kwa heshima. Mbili na moja, au tatu na mbili." Maana yake mwenzako anakuzidi mashimo mawili huku limebaki moja, au matatu huku yamebaki mawili. Nikamwambia aondoe shaka, kwani katika gofu kufungwa ndiyo fani yangu.

Na ushahidi ulikuwepo kwa maandishi. Ukijiunga na klabu hupewi handikepu, yaani namba ya kupima udhaifu wako, kwa sura. Unarudisha kwanza kadi za mashimo yasiyopungua 54, yaani raundi tatu kamili, kila kadi ikiwa na sahihi ya mtu aliyekushuhudia ukiteseka. Kadi yangu nzuri kuliko zote ilikuwa na mikwaju 138 kwenye kiwanja cha par 72, yaani ambacho hodari anatarajiwa kukimaliza kwa mikwaju 72. Kompyuta ya klabu ikapiga hesabu, ikatoa 58 na ushee, halafu ikanirudisha kwenye 54 kwa sababu huko ndiko mfumo wa dunia unakoishia. Yaani nilikuwa mbovu kupita kiwango cha ubovu kinachoruhusiwa. Huo mfumo ulianza 2020, ukachukua nafasi ya mifumo sita iliyokuwa ikitumika huku na huko duniani. Zamani, kwa mfumo wa Uingereza, mwanamume alikuwa anaishia 28. Ningezaliwa mapema ningekuwa nacheza bao.

Kwa ambaye hajui, handikepu ni mikwaju unayopunguziwa ili mtu dhaifu aweze kucheza na hodari wakamaliza wakisalimiana. Ni yale magoli mawili ambayo wakubwa wa mtaani huwapa wadogo kabla mpira haujaanza, ila hapa yanapigiwa hesabu mpaka kwenye desimali. Mimi nilidhani ni namba ya kuandikwa kwenye kadi ya uanachama tu. Kedi wangu, mtu mzima aliyeanza kubeba mifuko kabla sijaanza shule, alijaribu kunifafanulia. Nikamwambia tutaongea siku nyingine.

Jambo jingine ambalo sikulitilia maanani ni kwamba baada ya zile kadi za mwanzo nilikaa miezi kadhaa nikipiga mipira jioni kwenye uwanja wa mazoezi, chini ya jicho la huyo huyo kedi. Mipira ya mazoezi hairudishwi kwenye kadi. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimebadilika, lakini kompyuta haikuwa na habari.

Jumamosi ikafika. "Shikamoo Mzee." "Marahaba kijana. Handikepu yako ngapi?" Nikamwambia 54. Akacheka kicheko kirefu cha mtu ambaye mishikaki yake imeshalipiwa. Sasa, Mkurugenzi wetu ni mtu wa taratibu. Hata risiti ya teksi anaikagua. Akatoa simu, akaanza kukokotoa: unachukua namba yako, unaizidisha kwa slopu ya kiwanja, unagawa kwa 113, kisha unaweka sawa tofauti kati ya kipimo cha kiwanja, yaani mikwaju anayotarajiwa kuitumia hodari hapo, na par. Slopu inaanzia 55 mpaka 155, na 113 ndiyo kiwanja cha ugumu wa kawaida. Chetu ni 125. Yangu ikawa 59. Yake, 12.

"Tofauti 47," akasema. "Kwenye mechi ya shimo kwa shimo unapata yote. Mikwaju miwili kila shimo, na kwenye mashimo 11 magumu, mitatu."

"Mzee, nipe kumi tu, inatosha."

"Kijana, mimi sivunji sheria."

Nikamwangalia kedi wangu. Alikuwa anatazama mawinguni.

Shimo la kwanza, par 4. Mzee akapiga 5, si vibaya. Mimi nikapitia kwenye majani, nikapitia kwenye mchanga, nikamaliza na 7. Nikampa mkono: "Hongera Mzee, umeanza vizuri." Kedi akakohoa. "Kaka, hapa una mitatu. Saba toa tatu, nne. Shimo letu."

La pili mambo yalikaa sawa. Mzee alipata par, mimi nikatapanya mikwaju nane, hata baada ya kupunguziwa nikashindwa. Nikaona kumbe ni rahisi, ni kiasi cha kuongeza bidii.

La tatu ni fupi, par 3. Nikaelekeza mpira kwenye mwembe ulioko kushoto kabisa, mbali na bendera. Nilitaka upotee humo. Mpira ukaenda kweli, ukagonga tawi, ukarudi ukadondoka kwenye grini, ile nyasi fupi yenye shimo. Nikasema basi nitaharibu kwenye kuputi, yaani kuusukuma mpira shimoni. Nikausukuma kwa nguvu upande usio na shimo, ukateremka pembeni. Nikausukuma tena upande mwingine ambao niliamini hauna mteremko. Una mteremko. Mpira ukazunguka taratibu ukatumbukia. Mikwaju mitatu, toa miwili.

"Moja," akasema kedi.

"Moja nini?" akauliza Mkurugenzi.

"Neti, Mzee. Kapata moja."

Mkurugenzi, aliyekuwa amepata 4 yake kwa jasho, aliandika ile namba 1 kwenye kadi akiibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Shimo la nne ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo Mhasibu Mkuu akilisikia anashika kichwa. Mpira wa Mzee ulikuwa kwenye bunka, lile shimo la mchanga, na mchanga tayari ulikuwa umeruka mara mbili bila mpira kuruka. Wangu ulikuwa karibu na grini. Nikakumbuka kwamba katika mechi ya namna hii unaruhusiwa kumwachia mwenzako shimo wakati wowote. Nikaona huu ndio ustaarabu wenyewe. Nikasogea, nikasema kwa unyenyekevu wote: "Mzee, shimo hili nakupa."

Kimya. Akatoka kwenye mchanga na fimbo yake mkononi. "Unanipa?"

"Ndiyo Mzee. Chukua tu."

"Sichukui. Cheza."

Kedi wangu, ambaye asubuhi nzima nilimwomba asiongee, akaona hapa ndipo pa kuongea. "Samahani Mzee, kisheria ukishaachiwa shimo huwezi kulikataa. Na aliyetoa hawezi kurudisha." Ni kweli, kanuni ndivyo zinavyosema. Mtu wa taratibu akanaswa na utaratibu. Ikabidi aokote mpira wake mchangani na kutembea kwenda shimo la tano akiwa amesaidiwa na kijana wa idara ya manunuzi.

Kuanzia hapo mkono wake ulikufa. Mimi nikipiga vibaya, yeye anapiga vibaya zaidi, na tukilingana kwa ubaya mimi nina miwili au mitatu mfukoni. La tisa nilipeleka mpira majini makusudi. Yeye akapeleka miwili bila kukusudia. Wazo la kuvuruga shimo moja vibaya sana, nipige hata 20 ili nimrudishie alichopoteza, nalo halikufaa: ukishindwa shimo kwa mkwaju mmoja au kwa kumi na tano, umepoteza shimo moja tu. Kila nilipojificha, hesabu ilikuwa imenitangulia.

Kwenye grini ya 14 nilikuwa nimemzidi mashimo manne, na hili lilikuwa linakaribia kuwa la tano, kwa sababu tayari alikuwa ameshatumia mikwaju mingi hapo. Nilisimama juu ya mpira nikitafuta namna ya kukosa puti fupi kuliko urefu wa kiatu changu. Mzee akaniona. Nadhani alielewa, maana hakuna mtu anayepima puti ya namna hiyo kwa dakika nzima akiangalia upande wa maegesho.

"Okota mpira wako, kijana. Imetosha." Tano na nne.

Mishikaki alilipia yeye. Kooni kwangu haikushuka.

Jumatatu nikaitwa ofisini kwake, nikaingia nimeshaandaa maneno ya kuaga wenzangu. Hakunifukuza. Alikuwa amefungua fomu yangu ya malengo ya kazi ya nusu mwaka. Chini ya "kupunguza muda wa kuchakata zabuni" alikuwa ameongeza mstari kwa mkono wake: "Kushusha handikepu kutoka 54 hadi isiyozidi 30." Akanieleza kwamba mfumo unachukua wastani wa kadi 8 bora katika 20 za mwisho, kwa hiyo nahitaji kadi 20, na kila Jumatano saa kumi ninaruhusiwa kutoka mapema nikacheze. Kila kadi nipeleke nakala kwa sekretari.

Habari ilisambaa kabla sijafika kwenye meza yangu. Ruhusa ya kutoka mapema, kwa maandishi, kwa kumfunga bosi! Jioni Mhasibu Mkuu alinifuata tena kule kwenye mashine ya nakala, safari hii yeye ndiye akiwa na daftari.

"Hebu niambie, nikitaka ya kwangu itoke 16 ipande mpaka 54, nirudishe kadi mbaya ngapi?"

Nikamwambia haiwezekani. Mfumo una kizuizi, haukuruhusu upande zaidi ya 5 juu ya namba yako ya chini kabisa ya siku 365 zilizopita. Kwa hiyo mwisho wake ni 21.

Akafunga daftari, akafikiri kidogo.

"Na mke wangu akijiunga leo, yeye si anaanza upya?"