Wanajibu Vizuri, Lakini Wanasoma?

Mtihani wa Kiingereza wa gaokao, ule wa kuingia chuo kikuu nchini China, kwa kawaida hufanyika tarehe 8 Juni kuanzia saa tisa alasiri. Una alama 150. Katika karatasi ya kitaifa inayotumika mikoa mingi, ufahamu una alama 50: vifungu vinne vyenye maswali 15 ya kuchagua, kisha kifungu cha tano chenye nafasi tano tupu na sentensi saba chini yake, mtahiniwa achague tano za kuziba. Kila swali alama mbili na nusu, na katika mikoa yenye watahiniwa wengi alama moja tu yatosha kukuweka nyuma ya mamia ya watu. Usishangae basi mwaka wa mwisho wa sekondari ukiisha kwa marudio na mazoezi, karatasi juu ya karatasi.

Sina ugomvi na mazoezi. Ugomvi wangu ni na kile kinachozoezwa.

Wanafunzi hufundishwa mbinu: anza na maswali, ndipo urudi kwenye kifungu, tafuta neno la swali ndani ya habari, jibu lenye “kila” au “kamwe” litilie shaka. Kwa kifungu cha kwanza, ambacho mara nyingi ni tangazo, ratiba au maelezo ya ziara, mbinu hizo ni halali kabisa. Nani husoma ratiba ya makumbusho toka juu hadi chini?

Balaa huanza kwenye kifungu cha nne. Hapo mara nyingi kuna habari ya utafiti: wanasayansi walidhani hivi, ushahidi mpya ukaonyesha vile, ila mwandishi mwenyewe bado ana wasiwasi na ushahidi huo. Mwanafunzi aliyezoea kuwinda maneno hulipata neno lake, tena upesi, na hoja ikampita. Watungaji wanalijua hilo. Jibu lililobeba maneno yaleyale ya kifungu huwa ndilo mtego, na jibu sahihi limevikwa maneno mengine. Kwa hiyo mtihani wenyewe unadai usomaji, ila maandalizi yake yanafundisha njia za kuukwepa.

Ningekuwa na darasa huko, ningeziba machaguo yote manne kwa karatasi. Soma, jibu kwa sentensi yako, hata kwa Kichina ikibidi, kisha funua. Ukiona jibu lako halifanani na lolote, hapo sasa tuna jambo la kuzungumza. Vifungu vingechukua muda mrefu zaidi, najua, na wazazi wangelalamika.

Najua pia utetezi wa maswali ya kuchagua. Mwaka 2024 waliojiandikisha kwa gaokao walizidi milioni 13, wengi wao wakifanya Kiingereza, na mashine husahihisha bila kuchoka wala kupendelea. Hoja nzito hiyo. Lakini China yenyewe imeshaonyesha njia nyingine: tangu mwaka 2016, ikianzia mkoa wa Zhejiang, mtahiniwa hupewa hadithi iliyokatwa njiani aiendeleze kwa aya mbili, sentensi ya kwanza ya kila aya ikiwa imetolewa. Alama 25, sawa na maswali kumi ya kuchagua. Huwezi kuiendeleza hadithi usiyoielewa. Lazima ujue nani anamwogopa nani, na kwa nini.

Wajanja wameshaingia humo nao. Kuna sentensi za kukariri za kubandika popote: machozi yanatiririka mashavuni, miale ya jua inapenya dirishani. Hata hivyo msahihishaji binadamu huona upesi machozi yaliyoletwa pasipo msiba. Ningekuwa mtunga mtihani ningefuta maswali mawili ya lile tangazo la kwanza, na alama zake tano nizihamishie kwenye hadithi.