Saa Kumi na Mbili ya Ramani

Ninaandika haya nikiwa nimekalia stuli ya jikoni, suruali imekunjwa hadi magotini, kwa sababu makochi yangu yako juu ya meza, godoro liko juu ya kabati, friji limepandishwa juu ya matofali sita, na kuku wa mke wangu, ambao hawakuomba kuokolewa, wamefungiwa ndani ya tenga juu ya jiko. Yote hayo ni kazi ya jirani yangu mmoja hapa Ngamiani, fundi redio mstaafu, ambaye tangu alipopakua ramani ya upepo na mvua kwenye simu amejiteua kuwa msemaji wa mawingu ya mkoa mzima wa Tanga.

Mimi si adui wa maendeleo. Ni mtu mzima, naheshimika barazani, na nakiri kwamba tangu kimbunga Hidaya kilipoingia Mafia mwezi Mei 2024, sisi watu wa pwani hatuna tena haki ya kusema kwamba vimbunga ni mambo ya Msumbiji na Madagaska. Zamani tulijifariji kwamba tuko karibu mno na ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia hauipi dhoruba msokoto wa kutosha kujiviringisha. Siku hizi kila wingu linalotokea upande wa Pemba linatafutiwa jina kabla halijafika Raskazoni.

Basi jana baada ya isha, fundi aliweka simu yake katikati ya baraza, kati ya vikombe vya kahawa na sahani ya kashata, nasi tukaiinamia kama waganga wanaotazama bao.

"Hawa watabiri wa Ulaya wanasema mvua ya milimita 80," alitangaza, "na hawa wa Marekani wanasema 6."

Muuza kahawa akauliza ni nani kati yao aliyewahi kufika Tanga. Swali hilo halikujibiwa, maana mzee mmoja alikuwa ameshaanza kupiga hesabu: milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo milimita 80 juu ya bati lake la mita za mraba 40 ni lita 3,200, yaani madumu 160 ya lita ishirini, naye ana madumu matatu tu na moja linavuja. Akaanza palepale kuazima madumu. Nilijaribu kueleza, kwa sauti ya upole inayonistahili, kwamba ile rangi nyekundu si picha ya mvua bali ni hesabu ya kompyuta, na kwamba kisanduku kimoja cha hesabu hiyo, hata kwa hao wa Ulaya wenye macho makali, kina upana wa kilomita 9 hivi, kiasi cha kuupaka mji rangi moja kutoka hapa hadi karibu na Amboni.

Fundi akanitazama kwa huruma. "Shehe, nyumba yako nimeiona. Iko kwenye nyekundu."

"Inafika saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Si hii hapa imeandikwa, 12:00?"

Kijana wa bajaji akasema kwamba simu ikiandika 12:00 ni saa sita. Fundi akamjibu kwamba hiyo ni saa ya simu, na hii ni saa ya dunia. Pembeni ya tarakimu hizo palikuwa na herufi tatu, UTC, ambazo hakuna aliyezijali, nami nikiwemo, ingawa nilikuwa nimevaa miwani.

Saa kumi usiku mlango wangu ukagongwa. Tukabeba friji, mimi na fundi, yeye akitoa maelekezo na mimi nikitoa mgongo. Saa kumi na mbili ikatimia: jua likachomoza, safi, kama la Idi. Saa nne mke wangu, bila kunisemesha, alifua mashuka manne na kanzu zangu zote akazianika. Saa tisa alasiri mbingu zikafunguka.

Saa ya dunia, ndiyo hiyo UTC, kumbe iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. 12:00 yao ni 15:00 yetu, na 15:00 kwa Kiswahili ni saa tisa. Ramani ilisema kweli tupu, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu sasa sina wa kumgombeza. Isitoshe, maji yaliyoingia ndani hayakutoka kwenye nyekundu yoyote. Yametoka kwenye mtaro wetu, uliozibwa na nepi na makumbi ya madafu, na hakuna satelaiti inayochungulia mtaro! Tumeuchangia mtaro huo mara mbili! Mara mbili!

Na sasa shemeji yangu wa Korogwe ananipigia kwa mara ya tatu. Anataka nimtazamie Mto Pangani kwenye ramani ya mafuriko. Ni haki yake kuhofu, kwani mto ule unaanzia miteremko ya Kilimanjaro na Meru, unapumzika kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, ndipo uwafikie wao, na unaweza kujaa Korogwe kukiwa kukavu kabisa, kwa mvua ya watu wengine. Lakini nyumba yake iko hatua chache kutoka ukingoni.

"Shemeji, toka nje uutazame."

"Shemeji, nje kuna tope."

Nimeifungua hiyo ramani kwa ajili yake. Bando limekwisha mto ukiwa umechorwa hadi Nyumba ya Mungu. Nimemwambia asubiri nitume mtoto dukani, naye amekubali kusubiri, ila ameniomba niharakishe kidogo, kwa sababu maji yamefika kwenye mgomba wa pili.