Nani Atamgeuza Saa Tisa Usiku?

Familia ikianza kuzungumzia makao ya kulelea wazee, neno la kwanza kutoka mdomoni mwa mtu huwa ni "kumtupa". Linatajwa kabla hata mgonjwa hajaulizwa hali, kabla hatujajua usiku nani anaamka na mchana nani ameacha kazi. Nimekaa kwenye vikao hivyo mara mbili, kwanza kwa ajili ya shangazi, kisha kwa ajili ya mama, na mara zote mbili aliyesema kwa ukali kuliko wote alikuwa ndugu ambaye hajawahi kulala chumba kimoja na mgonjwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hata hivyo hoja yake ina uzito, na inastahili kusikilizwa hadi mwisho.

Anasema mzee akihamishwa huchanganyikiwa. Ni kweli. Chumbani kwake mtu hujua swichi iko wapi hata gizani. Mpeleke pageni, hasa akiwa na ugonjwa wa kusahau, na wiki za kwanza atazunguka akitafuta mlango ambao haupo. Anasema wahudumu ni watu wa mshahara, leo wapo kesho wameondoka. Hilo nalo ni kweli. Anakumbusha mwaka 2020, korona ilipoingia kwenye makao ya Ulaya na Marekani, milango ikafungwa, na wazee wengi wakafariki bila mkono wa ndugu kushika wao. Hilo halina jibu, na anayetetea makao asilipitie juu juu.

Kisha huja takwimu, na hapa nataka kukaa kidogo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba karibu wahudumu wawili kati ya watatu wa makao ya wazee walikiri kumtendea mzee vibaya ndani ya mwaka mmoja. Kwa wazee wanaoishi majumbani, aliyetendewa vibaya ni takriban mmoja kati ya sita. Ukiziweka namba hizo pamoja mbele ya kikao, kila mtu anainamisha kichwa na shauri linaonekana limekwisha.

Tazama lakini kilichohesabiwa. Namba ya kwanza inahesabu wahudumu. Mhudumu anayepitisha mikononi mwake wazee kadhaa kwa siku, akimfokea mmoja wao mara moja kwa mwaka mzima na akawa mkweli kukiri, ameingia humo. Namba ya pili inahesabu wazee. Hizo ni mizani mbili tofauti. Wazee wenyewe wa kwenye makao walipoulizwa, theluthi moja hivi walisema walidhalilishwa kwa maneno au vitisho, na karibu asilimia 12 walisema walipuuzwa. Bado ni nyingi mno, na zinamtosha mtu yeyote kuogopa. Ila jiulize pia ni nani aliyejibu maswali kule majumbani: mzee anayeweza kujibu. Aliyepotelewa na kumbukumbu kabisa, au ambaye kiharusi kimemnyang'anya ulimi, mara nyingi hayumo kwenye tafiti hizo. Ndiye huyo huyo tunayemjadili kikaoni. Nyumbani mlango umefungwa, hakuna zamu, hakuna daftari, hakuna mkaguzi, na mlezi ni mtu mmoja ambaye hajalala vizuri tangu mgonjwa aanguke.

Shangazi yangu alilelewa nyumbani na bintiye. Sijaona mtoto aliyempenda mama kama yule dada. Alimwosha, akambadilisha nepi, akamlisha kwa kijiko uji ukiwa umepoa sawasawa ili asipaliwe. Siku moja alitupigia simu akasema mama ananuka na hajui harufu inatoka wapi. Tulipomgeuza tukakuta kidonda chini ya mgongo, mahali mfupa unapokaribia ngozi, kimeingia ndani kuliko tulivyoweza kutazama.

Vidonda vya kulalia havisubiri uzembe. Uzito wa mwili unakandamiza nyama kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na nyama inaanza kufa kutoka ndani wakati juu ngozi inaonekana nzima. Visigino, nyonga, chini ya mgongo, ndiko huanzia. Dalili ya kwanza ni wekundu usiofifia ukiubonyeza kwa kidole, na kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kirahisi. Inabidi uguse, uone kama pana joto, pamekuwa pagumu au pamelegea kuliko pembeni yake. Dada yule hakufundishwa kugusa. Nani angemfundisha?

Desturi ya uuguzi ni kumgeuza mgonjwa asiyejiweza kila baada ya saa mbili, ingawa miongozo ya siku hizi huangalia pia aina ya godoro na hali ya mtu mwenyewe. Kwa hesabu ya saa mbili, ni mara kumi na mbili kwa siku. Saa nne usiku, saa sita, saa nane, saa kumi, na alfajiri tena. Leo, kesho, mwezi ujao, mwaka ujao. Na kumgeuza mtu mzima aliyelegea si kazi ya mgongo mmoja. Akivutwa kwenye shuka, ngozi inachubuka. Makao mazuri hufanya hivyo kwa watu wawili, na kuna karatasi ukutani inayoonyesha aligeuzwa saa ngapi na upande gani. Upendo wa mtoto mmoja hauwezi kuwa zamu tatu.

Ndiyo maana naona kosa kubwa ni kuuliza "nyumbani au makao?" kana kwamba nyumba zote ni sawa na makao yote ni sawa. Nyumba yenye watu watatu wanaopokezana na muuguzi anayepita mara kwa mara, hiyo inayashinda makao mengi, na mzee abaki humo. Mzee mwenye akili timamu akikataa kuhama, neno lake lipite. Makao yasiyo na watu wa kutosha ni kidonda kile kile, tena cha kulipia.

Basi anayetafuta makao atazame nini? Rangi ya kuta inadanganya. Mimi ningeanza na swali moja kwa mhudumu utakayemkuta kwenye korido, usimwulize mkurugenzi: "Umefanya kazi hapa muda gani?" Utafiti wa makao ya Marekani uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta kwamba ukiyapanga makao kwa kiwango cha wafanyakazi kuondoka, katika yale ya katikati wauguzi na wahudumu walioondoka kwa mwaka walilingana na asilimia 94 ya kikosi chote. Mhudumu aliyeanza juzi hajui kwamba mzee huyu akinyamaza ana maumivu. Wa miaka mitatu anajua.

Uliza dawa za kutuliza pia. Chumba kizima kikisinzia saa nne asubuhi, usifurahie utulivu huo. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, wakipewa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, huongeza hatari ya kifo kwa takriban mara 1.6 hadi 1.7. Familia ina haki ya kujua ni dawa gani, kwa sababu gani, na itapunguzwa lini.

Mama alipopata kiharusi, upande wake wa kushoto ulipooza. Kikao kikawaka kama cha shangazi. Safari hii tulimwuliza mwenyewe. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Dada yako amechoka, mwanangu. Mimi namwona."

Makao ya kwanza tuliyotembelea yalikuwa na bustani na zulia jipya. Kwenye chumba kimoja alilala mzee aliyepooza kushoto kama mama, na glasi yake ya maji ilikuwa mezani upande huo huo wa kushoto, imejaa hadi ukingoni. Midomo yake ilikuwa imekauka. Tuliaga. Ya tatu yalikuwa ya zamani, vitasa vimelegea, lakini kengele ilipolia mhudumu alifika kabla sijamaliza sentensi niliyokuwa naisema.

Mama yuko huko sasa. Hatuendi kwa ratiba wala hatupigi simu kwanza. Jumapili iliyopita nilifika saa moja jioni, wakati zamu zinabadilishana na kila mtu ana haraka. Alikuwa amelazwa ubavu, mto umewekwa kati ya magoti, visigino vimeinuliwa visiguse godoro. Kikombe kilikuwa kulia, na kilikuwa nusu.