Wanamuziki wawili, viza mbili

John Lennon, aliyekuwa wa bendi ya Beatles, na mkewe Yoko Ono walihamia New York mwaka 1971. Machi 1973 jaji wa uhamiaji aliamua kesi yao: Yoko akapewa ukaazi wa kudumu, Lennon akapewa siku 60 aondoke Marekani. Kilichomponza ni hatia ya bangi ya London ya mwaka 1968, ambayo alitozwa faini ya pauni 150. Alikata rufaa, na kadi ya ukaazi hakuipata hadi Julai 1976.

Hao walikuwa na pesa na wakili hodari. Mume na mke wenye bendi hapa Nairobi, wakiwaza kuhamia huko, hawana uwezo wa kusubiri hivyo. Kwa hiyo nashikilia: kila mmoja aombe viza yake ya kazi.

Kosa linalojirudia ni mume kupata O-1, viza ya Marekani ya wasanii wenye kipaji cha kipekee, halafu mke akamfuata kwa O-3 ya wategemezi. O-3 inamruhusu kuishi na kusoma, si kufanya kazi. Akiitikia kibwagizo kwa malipo usiku mmoja tu, ameshavunja masharti. Ikiwa kazi yake ni kumsindikiza mume jukwaani, njia yake ni O-2, viza ya wanaomsaidia msanii wa O-1, na hapo lazima aonyeshe ujuzi na tajriba ambavyo si rahisi kuvipata kwa mtu mwingine.

Ushahidi huo ndio unaokosekana. Tazama mabango ya shoo: jina la mume kwa herufi kubwa, chini yake “na bendi yake”. Mke ameimba sauti ya pili miaka kumi na hakuna karatasi inayomtaja. Hili linaniuma, maana dawa yake ni wino tu. Aandikwe kwenye bango, kwenye maelezo ya kila wimbo, na kwenye mkataba wa kila shoo, jina la jukwaani likiandamana na la pasipoti, la sivyo afisa atadhani ni watu wawili.

Cheti cha maadili mema, kile cha polisi kinachoonyesha kama una rekodi ya uhalifu, si sharti la O-1, lakini kila mmoja akichukue mapema. Kesi ya zamani heri uikute Kiambu Road, kwenye makao makuu ya upelelezi wa jinai (DCI), kuliko ubalozini. Unaomba cheti kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unalipa, kisha unapeleka alama za vidole vyote kumi. Fomu ya C24, ya alama za vidole, ichapishwe mbele na nyuma ya karatasi moja. Ukienda na karatasi mbili, utarudishwa ukachapishe upya.