Jiwe la Mto Davidson na Mita 60 za Morogoro

Afisa misitu mmoja amemwamuru mwanangu ayarudishe mawe aliyokuwa ameyapanga mtoni kutengeneza kibwawa, nami kwanza nikapandwa na hasira. Tulikuwa Mto Davidson, katika Msitu wa Taifa wa Pisgah, North Carolina, ambako watu walikuwa wakiogelea, wengine wakielea juu ya tyubu, na wavuvi wamesimama majini hadi mapajani bila kubughudhiwa na mtu. Iweje mawe ya mtoto ndiyo yawe kosa? Yule afisa akachuchumaa, akamwonyesha jiwe moja bapa, akamweleza kwamba chini ya mawe ya namna hiyo huishi hellbender, salamanda (mnyama wa kundi la vyura mwenye umbo kama la mjusi) anayeweza kuzidi nusu mita kwa urefu, ambaye hupumua kwa ngozi na ambaye dume lake hulinda mayai humo humo. Tuliruhusiwa kuendelea kuoga. Kilichokatazwa ni kuhamisha mawe tu.

Katazo dogo, lenye sababu inayoonekana kwa macho, linalomhusu kila aingiaye mtoni. Hicho ndicho ninachokitamani nyumbani, wala si mandhari ya Marekani, kwa maana milima yetu ya Uluguru, pale Morogoro, haina cha kuionea wivu Pisgah. Sheria tunayo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini sisi wa Morogoro tunafahamu vyema futi kamba ile humpimia nani. Humpimia mama mwenye matuta ya mchicha, kisha hukunjwa inapofika kwenye baa ya mwenye nacho, na malori ya mchanga hupita mchana kweupe. Vijana wanaokwenda kuoga hufukuzwa kwa filimbi, na hakuna anayechuchumaa kuwaeleza lolote.

Najua nitaambiwa kwamba nimeshiba ughaibuni, ndiyo maana nalilia mijusi wakati watu hawana umeme. Anayesema hivyo amesahau Kihansi, korongo lenye maporomoko katika Milima ya Udzungwa. Chura wetu mdogo, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, aliishi kwenye eneo la hekta chache tu lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua, na baada ya miaka michache hakuonekana tena porini. Ni Watanzania wenzetu waliotandaza mabomba ya kunyunyizia maji korongoni, wakawapokea vyura waliozalishwa katika bustani za wanyama za Marekani, na tangu mwaka 2012 wakaanza kuwarudisha kwao, huku umeme ukiendelea kuzalishwa. Ninajivunia kazi ile kuliko lolote nililoliona huku.

Kwa hiyo asinijibu mtu kwamba hatuwezi. Uluguru ndiko unakotoka Mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam. Waacheni watoto waoge, wapeni mtu wa kuwaeleza kilichomo majini, na lori la mchanga lipimiwe mita 60 zile zile anazopimiwa mama wa mchicha.