Biskuti Zenye Shimo

Ukiona kazi ya mikono ya watoto imeandikwa "rahisi", jua aliyeiandika siku hiyo hakuwa na mtoto karibu. Mimi sikulijua hilo. Ndiyo maana Jumamosi ile, mama watoto alipokuwa anajiandaa kwenda kumpokea mama yake stesheni, nilimwambia kifua mbele: "Nenda, wala usiharakishe. Mimi na wanangu tuna shughuli ya msimu."

Msimu wenyewe ni ule wa majani kupukutika. Nje miti imegeuka njano na nyekundu, ndani nina wawili: Mkubwa, binti wa miaka 4, hodari wa maswali, na Mdogo, miaka 2 kasoro, ambaye swali lolote la dunia hulijibu kwa kukitia kitu mdomoni.

Tulianza na majani, na hapo niseme ukweli, nilifaulu. Unalilaza jani mishipa ikitazama juu, unalifunika kwa karatasi nyembamba, unasugua krayoni iliyolazwa ubavu, na jani linajitokeza lenyewe na mistari yake yote. Mkubwa alishangilia kama ameona kiinimacho. Mdogo alikula krayoni ya kijani. Nusu niliiwahi.

"Baba, nani ameyapaka rangi haya majani?"

Nikakaa vizuri. Swali kama hilo baba hulingojea miaka. Nikamweleza kwamba hayakupakwa na mtu. Njano ilikuwamo ndani ya jani siku zote, ila kijani ilikuwa nyingi ikaifunika. Siku zikipungua mwanga na baridi ikiingia, mti unaacha kutengeneza kijani, iliyobaki inakwisha, na njano inaonekana.

"Kwa hiyo njano ilikuwa imejificha?"

"Imejificha."

Nilikuwa na ya nyekundu pia, kwamba hiyo kwa kawaida haikuwamo, mti huitengeneza mwishoni mwishoni, lakini mwanafunzi wangu alikuwa ameshaondoka. Tangu dakika ile kila kitu nyumbani kikaanza kujificha kama njano. Soksi yangu moja ilijificha kama njano. Rimoti ilijificha kama njano, na mpaka leo haijapukutika.

Tukaingia jikoni.

Mpango ulikuwa wa mabakuli mawili. Bakuli la kwanza ni unga wa chumvi, ule wa kufinyangia mapambo: unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, maji kikombe 1 kasoro, basi. Huo hauliwi. Unausukuma, unaukata kwa umbo la jani, unatoboa tundu la uzi kwa mrija, kisha unaukausha kwenye oveni kwa digrii 100, muda wa saa 3. Polepole. Ukiupa moto mkali, maji yaliyomo yanageuka mvuke kabla hayajapata pa kutokea, na pambo linafura kama shavu lililoumwa na nyuki. Bakuli la pili ni biskuti: siagi, sukari, yai, unga. Hizo ni digrii 180, dakika 12.

Na kwa kuwa nilitaka nyumba inukie, nikatia mdalasini kwenye mabakuli yote mawili. Mwingi. Ukitafuta nilipopotelea, ni hapo.

Kukanda kulikwenda kama unavyodhani. Mdogo aligundua kwamba unga ukiupiga kofi unajibu, basi wakajibizana. Mkubwa alivunja yai kwa ustadi mkubwa, gamba zima likaingia bakulini na yai likaenda mkononi mwa sweta. Mimi nilikuwa na siagi hadi viwikoni. Katikati ya hayo nikamkamata Mdogo na tonge, likiwa njiani kabisa, nikatangaza sheria kwa sauti ya kiserikali: "Unga mbichi una vijidudu! Yai bichi ndiyo kabisa! Hapa haonji mtu mpaka vitoke kwenye moto!"

"Haonji mtu," Mkubwa akaitikia, akiwa ameinua kidole.

Tukasukuma, tukakata majani, tukayapanga kwenye trei mbili. Alama yangu ilikuwa moja tu, na niliiona ya kutosha: chenye tundu ni pambo, kisicho na tundu ni biskuti. Mtoto gani atashindwa hapo?

Harufu ikatujulisha kwamba Mdogo anahitaji nepi. Nikaenda, nikambadilisha, nikarudi. Hazikupita dakika tano. Mezani palikuwa na majani 24, trei mbili, na kila jani lina tundu.

"Na hizi nimezitoboa," alisema Mkubwa, mrija mkononi. "Zilikuwa zinalia, zinataka kama za wenzao."

"Na trei? Umezigusa trei?"

"Zilikuwa zinacheza mzunguko."

Nikazitazama: zote kahawia. Nikainusa ya kwanza: mdalasini. Nikainusa ya pili: mdalasini. Nikazigusa, lakini kwa vidole vile vyenye siagi kila nilichogusa kiliteleza. Ilibaki njia moja, kuonja. Chembe tu, kwa ncha ya ulimi. Nikainama taratibu kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha, na nilipoinua macho nikakutana na ya Mkubwa, na kile kidole.

"Haonji mtu, Baba."

Ningeweza kuivunja sheria, najua. Lakini mtu hawezi kutunga sheria na kuivunja ndani ya robo saa, mbele ya raia wawili walio nusu uchi, akategemea kutawala tena. Nikaamua kwa kumbukumbu. Mapambo yalikuwa kulia. Bila shaka kulia. Nikaiingiza trei ya kulia kwa digrii 100.

Saa 3 baadaye zilitoka ngumu, kavu, zikigongana zinalia kama vigae. Nikafurahi, ndivyo pambo linavyotakiwa. Nikayatia nyuzi, tukayatundika dirishani, Mkubwa akiwa juu ya kiti na Mdogo akiyapokea yale ya chini kwa uangalizi wa karibu. Ndipo nikaongeza moto, nikaiingiza trei ya pili. Dakika 12. Jamani. Zilifura, zikapasuka kidogo juu, zikawa nene na zenye umbo kuliko biskuti yoyote niliyowahi kuoka. Nilizipanga kwenye sahani, na nilikuwa bado nazitazama kama mtu anayetazama picha yake mwenyewe, mlango ukagongwa.

Mama mkwe akaingia. Nikampokea mkoba, nikamkaribisha kiti kizuri, nikamletea chai na sahani.

"Karibu, Mama. Tumeoka wenyewe, mimi na wajukuu zako."

"Mashallah," akasema, akachukua moja, akaitazama ile tundu, akanitazama mimi, hakuuliza. Akauma.

Sasa, mama mkwe wangu ni mtu wa adabu. Miaka yote tangu nimwoe binti yake hajawahi kunikosoa kitu mbele ya mtu, na mimi sijawahi kukaa kabla hajakaa. Kati yetu kuna heshima nene kiasi kwamba hata mafua tunaficha. Alitafuna. Alitafuna kwa muda ambao kwa kawaida biskuti haiudai. Macho yakajaa maji kidogo. Akameza, nikaisikia ikishuka. Akaishusha na kikombe chote cha chai, kwa mkupuo, chai ya moto.

"Zimekolea," alisema.

"Ahsante sana, Mama! Ongeza nyingine!"

Nikamsogezea sahani. Mkono wake ulisita juu yake, kisha ukachukua. Nikageuka kumjazia chai, na nilipogeuka tena mkono ulikuwa mtupu, naye anafuta midomo kwa utulivu. Mbili! Nilitamani mama watoto angeona, lakini yeye alikuwa bado amesimama mlangoni mwa jikoni, akihesabu.

"Baba watoto," aliniita kutoka huko, kwa ile sauti yake ya polepole, "Mdogo anakula nini?"

Mdogo alikuwa chini ya dirisha. Ameshika uzi kwa mikono miwili na mwisho wa uzi umo mdomoni. Pembeni yake nyuzi nyingine tatu, tupu.

Roho ikanitoka. Ule si unga, ni chumvi iliyotiwa unga! Kipande kidogo tu kwa mtoto wa umri ule ni balaa. Niliruka meza ndogo, nikampanua mdomo, nikachomoa kipande kilichobaki, na kwa kiwewe, bila kukumbuka sheria wala raia, nikakitia mdomoni mwangu nijue ukali wake.

Kilikuwa kitamu.

Kigumu, ndiyo, kingeweza kuezekea nyumba. Lakini sukari ilikuwamo, siagi ilikuwamo, na mdalasini umekaa mahali pake. Nilibaki nimepiga magoti pale, nikitafuna polepole, huku akili ikitembea hatua kwa hatua: kama hii ya dirishani ni biskuti, basi ile ya kwenye sahani...

Nikageuza shingo. Mama mkwe alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mkoba, akitazama ukuta kwa heshima zote.

"Mama," nikasema. Sauti haikutoka vizuri. "Mama, umekula mbili."

"Si kitu, mwanangu. Kila nyumba na upishi wake."

Nilikuwa naenda kumletea maji, jagi zima, nikiwaza nitaishi wapi baada ya hapo, Mkubwa alipopita mbio katikati ya sebule akiwa na furaha ya mtu aliyeelewa somo.

"Baba! Bibi hakula mbili! Ile nyingine ameificha kwenye mkoba! Imejificha kama njano!"

Kimya. Mama watoto alifunika uso kwa taulo la jikoni, mabega yakaanza kumtikisika. Mama mkwe hakubabaika. Alifungua mkoba taratibu, akaitoa imefungwa vizuri kwenye kitambaa, nzima, bila alama ya jino, akaniwekea mezani.

"Chukua, mwanangu," alisema. "Tundu lake unalo. Katundike."