Kiharusi cha pili, na swali tunalolisahau

Mgonjwa wa kiharusi akirudi nyumbani, wageni huwa na swali moja: "Ameanza kutembea?" Akishika mkongojo akavuka sebule, watu wanamshukuru Mungu na kuaga. Kwangu mimi swali hilo linatupotosha, hasa kiharusi kikiwa kimejirudia.

Mjomba wangu cha kwanza kilimpiga upande wa kulia, mdomo ukapinda, maneno yakampotea kwa muda. Akafanya mazoezi, akarudi dukani. Cha pili kikaja upande wa kushoto. Safari hii anaongea vizuri tu, na mguu ulirudi upesi, basi sote tukajua kapona. Ila sahani yake ikirudi jikoni, wali wa upande wa kulia umeliwa hadi punje ya mwisho, wa kushoto haujaguswa. Mkewe akadhani chakula kimemkinai. Siku moja akaizungusha ile sahani. Mzee akaendelea kula, tena akiuliza wali umetoka wapi. Macho yake hayana kasoro. Ubongo ndio umeacha kuuhesabu upande wa kushoto.

Hilo angalau linaonekana. Kuna mengine yanaitesa nyumba kimyakimya: kulipia umeme mara mbili, kusahau namba ya siri ya simu aliyoitumia miaka yote, hasira za ghafla, kuangua kilio katikati ya taarifa ya habari. Majirani wakasema amekuwa mkaidi. Ndugu mmoja akasema anadeka. Wapo waliotaja kurogwa, na hao siwalaumu sana, maana hospitali haikutuambia lolote. Karatasi ya kuruhusiwa ilitaja mazoezi ya viungo na tarehe ya kliniki, basi. Hakuna aliyemuuliza leo ni siku gani.

Na wala si mkosi wa mjomba peke yake. Mwaka 2009 watafiti wa Oxford, Sarah Pendlebury na Peter Rothwell, walizikusanya tafiti nyingi wakaona kwamba baada ya kiharusi cha kwanza, mgonjwa kama mmoja katika kumi hupata dimenshia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Kikijirudia, wenye tatizo hilo ni zaidi ya theluthi moja. Tena dimenshia ya namna hii mara nyingi haiji taratibu kama ile ya ugonjwa wa Alzheimer. Inashuka kwa ngazi: mtu anakaa vilevile miezi, halafu asubuhi moja unamkuta daraja la chini.

Ndiyo maana habari ya vidonge vya presha sitaki mzaha nayo. Mjomba aliviacha kwa sababu mashine ilisoma vizuri, kana kwamba presha ilishuka yenyewe! Utafiti wa PROGRESS uliotolewa mwaka 2001 uliwafuatilia watu 6,105 waliowahi kupata kiharusi au dalili zake za kupita. Dawa za presha zilipunguza viharusi vya kurudia kwa asilimia 28, na waliofaidika ni pamoja na wale ambao presha yao haikuwa juu. Dimenshia iliyofuatana na kiharusi kipya nayo ilipungua kwa takriban theluthi.

Najua nitaambiwa wauguzi wana foleni ndefu. Sawa, lakini kumpima mtu kumbukumbu na umakini kunachukua kama dakika kumi, kalamu na karatasi. Binti wa jirani anayesomea utabibu alimpa mjomba duara achore saa. Namba zote kumi na mbili zikabanana upande wa kulia. Kwa mara ya kwanza mkewe aliacha kumgombeza.

Ninaloliogopa zaidi ni saini yake. Mtu anayejitembelea mwenyewe hadi ofisi ya kijiji haulizwi kama anaelewa anachokiuza, na wanunuzi wa mashamba wanalijua hilo kuliko sisi. Kwetu tuliketi naye siku ambayo kichwa chake kilikuwa kimetulia, akasema mwenyewe mbele ya mashahidi nani amsaidie fedha na kiwanja kipi kisiguswe. Baadhi ya ndugu wanasema tumemnyang'anya uzee wake. Mimi naona tumewahi: kikimpiga cha tatu, huenda asiwepo tena wa kumuuliza, hata akiwa amekaa barazani anatuamkia kwa majina.